Adhabu Hupimwa Vipi Mahakamani, na Sulhu Zetu Huishia Wapi?

 

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali ambayo watu hutuuliza baada ya swala ya Ijumaa, liko moja linalorudi kila mara, na halihusu udhu wala mirathi. Mzazi huuliza: imekuwaje kijana wa jirani yangu amefungwa miaka 20, na mtu aliyetoa roho ya mwenzake amefungwa miaka 12? Kisha huongeza, kwa sauti ya chini, kwamba bila shaka pesa zimepita. Sikatai kwamba rushwa ipo, na mwenye kuipokea na mwenye kuitoa wote wamelaaniwa. Lakini katika tofauti hizi mara nyingi rushwa haikuhusika kabisa. Tofauti imo ndani ya sheria yenyewe, na anayeijua atadhulumika kidogo na atadhulumu kidogo. Kwa kuwa katika miaka hii michache Mahakama ya Juu ya Kenya imetoa maamuzi mazito juu ya jambo hili, na familia nyingi za Kiislamu, kuanzia Lamu hadi Mandera, zimeguswa nayo, nimeona tulizungumze leo kwa urefu.

Kwanza yafaa kufahamu kwamba sheria ya jinai ya Kenya huandika adhabu kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kuweka dari. Kanuni ya Adhabu inasema kuwa mwizi wa kawaida anaweza kufungwa hadi miaka 3, na mwenye kuua bila kukusudia anaweza kufungwa hadi maisha. Neno "hadi" ndilo lenye uzito hapo. Hakimu au jaji anaruhusiwa kushuka chini ya dari hiyo kwa kadiri anavyoona haki, hata akafikia kifungo cha nje au faini. Namna ya pili ni kuweka sakafu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema kwamba anayemnajisi mtoto wa umri wa miaka 11 au chini yake atafungwa maisha. Mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo kisipungue miaka 20. Akiwa na miaka 16 hadi 18, kisipungue miaka 15. Hapo hakimu anaweza kupanda, lakini kushuka hawezi.

Basi yule kijana wa miaka 20 jela na yule muuaji wa miaka 12 wamehukumiwa chini ya vifungu viwili vya maumbile tofauti. Wa kwanza alisimama juu ya sakafu, wa pili chini ya dari. Huenda mahakimu wote wawili walikuwa waadilifu.

Pale penye dari, safari ya kufikia adhabu ina hatua zake. Mshtakiwa akishapatikana na hatia, mashtaka huwa yamekwisha lakini kesi haijesha. Kiongozi wa mashtaka huulizwa kama mtu huyu ana hatia za nyuma. Mshtakiwa hupewa nafasi ya kujieleza ili apunguziwe adhabu. Mahakama inaweza kumtuma afisa wa probesheni aende mtaani, azungumze na wazazi, mzee wa mtaa, mwajiri na waliodhulumiwa, kisha alete ripoti. Aliyedhulumiwa naye, au jamaa za marehemu, wana haki ya kueleza dhuluma ile imewaachaje, na haki hiyo imetiwa nguvu na Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014. Baada ya hayo ndipo mwenye kuhukumu hupima yanayoizidisha adhabu: silaha, kundi, uaminifu uliovunjwa, udhaifu wa aliyedhulumiwa. Na hupima yanayoipunguza: umri mdogo, kukiri mapema, majuto ya kweli, kurudisha kilichochukuliwa.

Idara ya Mahakama ilitoa mwongozo wa utoaji adhabu mwaka 2016, na ukafanyiwa marekebisho mwaka 2023. Ule wa 2016 ulitaja makusudio sita ya adhabu: kulipiza kwa haki, kuwatisha wengine, kumrekebisha mkosaji, kurudisha kilichoharibika baina ya watu, kuilinda jamii, na kulikemea kosa hadharani. Mwongozo huo ulimwelekeza hakimu aanzie katikati ya dari. Kwa wizi ambao dari yake ni miaka 3, aanzie mwaka mmoja na nusu, kisha apande au ashuke kwa sababu zinazotajwa wazi. Nia ilikuwa kwamba mwizi wa kuku wa Kwale na mwizi wa kuku wa Kisumu wasitofautiane kwa sababu tu hakimu mmoja aliamka vizuri na mwingine aliamka vibaya.

Hilo ndilo tatizo la kale la uhiari. Ukimpa hakimu nafasi ya kupima, umempa pia nafasi ya kukosea, na hata ya kupendelea. Ukimnyima nafasi hiyo, umemfanya karani wa kugonga mhuri. Nchi zote duniani zimehangaika baina ya mambo hayo mawili, na Kenya imehangaika hadharani tangu mwaka 2017.

Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi inayojulikana kwa jina la Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema kuwa kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji, kinapingana na Katiba kwa kule kulazimisha kwake. Mahakama haikuifuta adhabu ya kifo. Ilichokataa ni kuwa jaji asikilize kesi miezi na miaka, kisha inapofika saa ya adhabu masikio yake yazibwe, asiweze kutofautisha baina ya mwanamke aliyemuua mume aliyempiga kwa miaka kumi na mtu aliyekodiwa kuua kwa malipo. Kusikilizwa kabla ya adhabu, walisema majaji, ni sehemu ya kesi ya haki. Wakataja na mambo ya kuzingatiwa: umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama alikiri, tabia yake, kama alichokozwa na ukatili wa kijinsia, majuto yake na uwezekano wa kurekebika.

Tukumbuke kwamba hukumu ya kifo nchini Kenya, kwa muda mrefu, imekuwa ya maneno zaidi kuliko vitendo. Wa mwisho kunyongwa ni wale waliohusishwa na jaribio la mapinduzi la 1982, nao walinyongwa mwaka 1987. Baada ya hapo wafungwa waliendelea kurundikana. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia adhabu zaidi ya watu 4,000 kuwa kifungo cha maisha, na mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawabadilishia wengine 2,747. Mtu anaamka kila asubuhi kwa miaka 15 akiwa ni maiti kisheria, wala hafi. Sijui kama mtunga sheria aliwahi kuikusudia adhabu ya namna hiyo.

Uamuzi wa Muruatetu ulifungua mlango, na watu wakaingia kwa wingi. Wafungwa wa wizi wa mabavu, wafungwa wa kunajisi, wote wakarudi mahakamani kuomba adhabu zao zipimwe upya, na majaji wengi wakawapimia. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikalazimika kutoa ufafanuzi: uamuzi ule ulihusu mauaji tu, na makosa mengine kila moja liletwe kwa kesi yake. Hata hivyo mvutano haukwisha. Mahakama ya Rufaa kule Nyeri ilimpunguzia mtu aliyehukumiwa kwa kunajisi kutoka miaka 20 hadi 15, ikisema sakafu za Sheria ya Makosa ya Kingono zinamnyima hakimu uhiari wake. Na Julai 2023 Mahakama ya Rufaa iliyokaa Malindi, hapa hapa Pwani, ikasema kifungo cha maisha kisicho na mwisho hakina ubinadamu, ikambadilishia aliyemnajisi mtoto mdogo kifungo cha maisha kuwa cha miaka 40.

Mahakama ya Juu iliyapindua yote mawili. Tarehe 12 Julai 2024 ilirudisha miaka 20 ya yule wa Nyeri na kusema kwamba kiwango cha chini kilichowekwa na Bunge si sawa na adhabu ya lazima isiyobadilika, kwa kuwa hakimu bado ana uhiari wa kupanda juu yake, na kwamba mahakama ya chini haiwezi kukiepuka kiwango hicho maadamu hakijatangazwa kuwa kinyume cha Katiba kwa njia iliyo sahihi. Na Aprili 2025 ikarudisha kifungo cha maisha cha yule wa Malindi, kwa kuwa hoja ya Katiba haikuwa imefikishwa kwa utaratibu wake tangu mahakama za chini. Maana ya kifungo cha maisha, kama ni miaka kadhaa au ni mpaka kaburini, ni jambo ambalo Bunge linatakiwa kuliweka wazi.

Kwa hiyo hali ilivyo sasa ni hii: katika mauaji jaji anapima, katika makosa dhidi ya watoto sakafu imesimama imara. Mzazi anayeambiwa na wakili wa vichochoroni kwamba "Muruatetu itamtoa" mwanawe aliyefungwa kwa kunajisi, ajue kuwa anauziwa upepo.

Je, msimamo huu ni wa haki? Kwa maoni yangu, kwa sehemu kubwa ndiyo, na kwa sehemu moja hapana. Sakafu iliwekwa mwaka 2006 kwa sababu ilijulikana jinsi waliokuwa wakiwaharibu watoto walivyokuwa wakitoka na vifungo vya mwaka au miaka miwili. Mtoto wa miaka 8 hana wakili, hana ukoo wenye sauti, na mara nyingi aliyemdhulumu ni mjomba au mwalimu wake. Huyo anahitaji sheria isiyopindishwa na machozi ya mkosaji. Lakini sheria hiyo hiyo humkamata kijana wa miaka 19 na msichana wa miaka 17 waliopendana, ikamtia kijana jela miaka 15, sawa na mtu wa miaka 50 aliyemvizia mwanafunzi njiani. Mwaka 2019 majaji wa Mahakama ya Rufaa walisema wazi kwamba wakati umefika nchi ijadili jambo hili. Sisi tunasema waliyoyafanya vijana wale ni zinaa, na zinaa ni dhambi kubwa. Hilo halina mjadala kwetu. Hata hivyo kusema kuwa jambo ni dhambi si kusema kuwa miaka 15 gerezani Shimo la Tewa ndicho kipimo chake. Haya mawili tusiyachanganye, na Bunge nalo lina kazi ya kuyatenganisha.

Wanafunzi wa fiqhi watayaona mazungumzo haya si mageni. Wanazuoni wetu waligawa adhabu katika mafungu: hudud, ambazo kipimo chake kimewekwa, kisasi, ambacho ni haki ya aliyedhulumiwa au warithi wake, na taazir, ambayo kipimo chake kimeachiwa kadhi apime kosa na mwenye kosa. Na katika hiyo taazir walihitilafiana juu ya dari. Imamu Shafii na wengi pamoja naye wakasema isifikie kiwango cha chini cha hudud; Imamu Malik akaruhusu kuzidi ikiwa maslahi ya umma yanataka hivyo. Ni ubishi ule ule wa Nyeri na Nairobi, wenye umri wa miaka elfu na zaidi.

Na liko tukio la Sayyidna Umar (R.A.) ambalo Imamu Malik amelipokea katika Muwatta, nami hulipenda kwa sababu linaonyesha jinsi mwenye kuhukumu anavyotazama nyuma ya kosa. Watumwa wa Hatib bin Abi Baltaa waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Umar aliamuru wakatwe mikono, kisha akasita, akamgeukia bwana wao na kumwambia kuwa anaona anawatesa kwa njaa. Akamuuliza mwenye ngamia thamani yake. Akaambiwa alikwisha kukataa dirhamu 400. Umar akamtoza Hatib dirhamu 800. (Imamu Malik mwenyewe anaongeza kwamba huko kutoza mara mbili hakukuwa ndio utendaji wa watu wa Madina, kwao hulipwa thamani tu. Tusimtumie Umar kwa pupa.) Lakini tazama alivyopima: nani aliiba, kwa nini aliiba, nani alimsukuma, na aliyeibiwa anapata nini. Hayo ndiyo ambayo ripoti ya afisa wa probesheni hujaribu kumletea hakimu wa leo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Katika kaunti za Kaskazini Mashariki, na hata katika mitaa ya Nairobi, Garissa na hapa Pwani, kuna desturi tunayoiita maslaha. Kosa linapotokea, wazee wa pande mbili hukaa, wakasikiliza, wakakata fidia, wakapeana mikono. Katika ugomvi wa malisho, katika deni, katika kupigana kwa vijana, desturi hii imezima moto mwingi, na serikali yenyewe inaitambua: Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazihimiza mahakama kukuza upatanisho na njia za jadi, maadamu hazipingani na haki za binadamu. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai nayo inaruhusu mahakama kuhimiza suluhu katika shambulio la kawaida na makosa ya kibinafsi yasiyo makubwa.

Mwaka 2013 jambo hili lilifika mbali zaidi. Mbele ya Mahakama Kuu ya Nairobi kulikuwa na mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji yaliyotokea Eastleigh mwaka 2011. Familia mbili, zote za Kiislamu, zilikaa zikapatana. Fidia ya ngamia, mbuzi na vitu vya kimila ikalipwa. Familia ya marehemu ikaandika kwamba haitaki kuendelea na kesi. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaomba kuiondoa, na jaji akakubali. Wengi wetu tulifurahi, tukasema diya imetambuliwa Kenya. Furaha hiyo ilikuwa ya haraka mno. Majaji wengine, katika kesi za mauaji zilizofuata, walikataa kuifuata njia hiyo, wakisema mauaji ni kosa dhidi ya umma wote na halimalizwi na mapatano ya nyumba mbili. Na hata katika ile ya 2013, kesi haikuondolewa na wazee. Iliondolewa na ofisi ya mashtaka, kwa idhini ya mahakama, kama Katiba inavyotaka.

Ubaya unaingia pale maslaha inapoletwa kwa mtoto aliyenajisiwa. Wazee wanakaa chini ya mti, mtoto hayupo, mama yake hayupo. Zinahesabiwa ngamia au shilingi. Baba anapokea. Kuna nyakati mtoto huozwa kwa yule yule aliyemharibu, nikaha ikasomwa, na watu wakaambiwa kuwa heshima imehifadhiwa. Kisha polisi wakija, shahidi hakuna; mtoto amepelekwa kwa nyanya yake kijiji kingine; daktari hakumwona siku ya kwanza. Kesi inaanguka, na mtu yule anarudi kukaa mtaa ule ule, karibu na shule ile ile.

Wanaofanya hivi hudai wanafuata dini. Waonyeshe wapi. Kisasi na diya ambavyo Kurani imevitaja katika Suratul Baqara ni haki ya aliyedhulumiwa au warithi wa aliyeuawa, nao ndio wenye kusamehe. Mtoto yuko hai, yeye ndiye mwenye haki, na hajasamehe. Walii wake amewekwa kumlinda; hana ruhusa ya kugawa sadaka hata mbuzi mmoja katika mali ya mtoto huyo, seuze aigawe haki ya mwili wake. Na Imamu Mawardi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, katika kitabu chake cha hukumu za utawala ameeleza kwamba mwenye kudhulumiwa anaposamehe katika mambo ya taazir, haki ya mtawala ya kumtia adabu mkosaji kwa ajili ya umma haianguki kwa msamaha huo, ijapokuwa amemtaja mwanachuoni aliyeona vingine. Basi hata ukimfuata Mawardi na kuiacha Kanuni ya Adhabu kando, bado huwezi kuuficha uovu ule kwa ngamia kumi. Mtume (S.A.W.) aliletewa uombezi wa mwanamke mtukufu wa Bani Makhzum aliyeiba, na mwombezi alikuwa Usama bin Zayd, kipenzi chake, akaukasirikia uombezi huo na kuukataa mbele ya watu. Wazee wetu wanaouombea ukoo wao leo hawamzidi Usama.

Kwa upande wa sheria ya nchi, jibu ni fupi. Kesi ya kunajisi ikishafunguliwa haiwezi kuondolewa na mzazi. Uamuzi huo uko mikononi mwa mkurugenzi wa mashtaka. Anayempoteza shahidi au kumnunua anaweza kushtakiwa mwenyewe. Mahakama ya Kadhi haina mamlaka katika jinai. Kifungu cha 170 cha Katiba kimeiwekea ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi. Na Sheria ya Watoto ya 2022 imekataza kumwoza aliye chini ya miaka 18.

Lakini mimi pia nawalaumu wenzetu wa upande wa pili, wanaoitukana maslaha yote na kuifananisha na ushenzi. Ukitaka wazee waache kuficha, waonyeshe mahali ambapo sauti yao inahitajika. Nafasi hiyo ipo, nayo ni katika saa ya adhabu. Kijana aliyevunja duka na wazazi wake wakamlipa mwenye duka, wazee wakasimamia, na mwenye duka akaridhika, hayo yote yaandikwe na yafikishwe kwa afisa wa probesheni na mbele ya hakimu. Si ya kuifuta kesi. Ni ya kupunguza adhabu, na mahakimu huyazingatia. Pale ambapo kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inamruhusu hakimu kumpa kijana kazi ya bure katika zahanati au shule badala ya jela. Na kifungo cha nje chini ya afisa wa probesheni huweza kuwa cha miezi 6 hadi miaka 3.

Hapa nina neno na maimamu wenzangu. Wazazi hutujia kutaka barua ya kumsifu mtoto wao mbele ya mahakama, nasi tumezoea kuandika barua moja kwa kila mtu: anaswali swala tano, ni mtiifu, ametoka familia njema. Hakimu ameziona barua hizo mia, zote zina mhuri na zote zinasema sawa, hata ya yule ambaye msikiti haukumjua. Barua hiyo ni ushahidi, na ushahidi wa uongo tunaujua hukumu yake. Kama humjui kijana, sema humjui. Kama unamjua, andika unachokijua: alifundisha watoto wa madrasa tangu mwaka gani, aliacha lini, nani yuko tayari kumpa kazi, wewe mwenyewe utamsimamia vipi akirudi. Barua ya namna hiyo, hata ikiwa na mistari 5, ina uzito.

Na nyinyi wazazi, yako mambo ambayo hupotea kwa kutojua. Mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai tangu Sheria ya Watoto ya 2022. Kabla ya hapo umri ulikuwa miaka 8. Akiwa amezidi hapo lakini hajafika 18, hapaswi kupelekwa jela ya watu wazima, kwa hiyo cheti chake cha kuzaliwa kitafutwe siku ya kwanza, kisingoje siku ya hukumu. Afisa wa probesheni akija nyumbani, mpokeeni na mwelezeni kweli; wako wanaomfukuza wakidhani ni polisi, kisha ripoti ikasema familia haikushirikiana.

Siku alizokaa rumande zinatakiwa kuhesabiwa katika kifungo, kwa mujibu wa kifungu cha 333 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Hakimu akisahau kulitaja, wakili au mshtakiwa mwenyewe anyanyue mkono alitaje pale pale. Kijana aliyekaa rumande miaka 2 akasomewa miaka 5 amebakiwa na 3, na wengi wetu hatulijui hilo. Kati ya kifungo chenyewe, mwenye mwenendo mzuri gerezani hupunguziwa theluthi moja, isipokuwa waliofungwa maisha na makosa mengine machache.

Rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu hukatwa ndani ya siku 14 tangu adhabu kusomwa. Tahadharini, Mahakama Kuu inaweza pia kuiongeza adhabu, kwa hivyo mkimuuliza wakili, muulizeni na hilo. Ombeni nakala ya hukumu kwa maandishi siku ile ile, mkabaki na nakala ya ombi lenu iliyogongwa mhuri wa mahakama. Ikiwa mahakama ndiyo iliyochelewa kuitoa, rufaa iliyopita siku 14 hupokelewa, na ile karatasi yenye mhuri ndiyo itakayothibitisha kwamba ucheleweshaji haukutoka kwenu.